Ndege Zimeanguka

Theonest Lubago alikuwa mtu wa wasiwasi, na nasema hivyo kwa heshima. Wenzake walihangaikia mihogo, ng'ombe na posa za binti zao. Yeye alimhangaikia domomwiko. Huyo ni ndege mweupe wa miguu mirefu, mdomo wake bapa kwa mbele kama mwiko wa ugali, na katika pande zetu zote za ziwa, kutoka Geita kwenda magharibi, alikuwa amebakiwa na kisiwa kimoja tu cha kutagia. Kisiwa chenyewe kiliitwa Lukumbi. Kilikuwa na miti mizuri iliyonyooka, na hilo ndilo lililokiponza.

Theonest aliajiriwa na Bwana Nyama. Enzi hizo ndivyo tulivyomwita mzungu wa serikali aliyesimamia wanyama wa porini. Kazi ya Theonest ilikuwa kuwalinda ndege hao na kuwahesabu, basi. Alijenga nyumba ufukweni, ng'ambo ya kisiwa, akaishi hapo na mkewe Apolonia na binti yao Generosa. Kila asubuhi na kila jioni alipiga kasia hadi karibu na Lukumbi, akahesabu viota kwa macho, akaandika daftarini, akarudi. Kushuka hakushuka. Amri ya Bwana Nyama ilikuwa kwamba asikanyage mtu pale wakati kuna mayai au makinda, hata Theonest mwenyewe. Domomwiko wakimwona binadamu chini ya miti yao huruka wote kwa pamoja, na hawarudi upesi. Hapo mwewe na kunguru hula mayai, na makinda wasio na manyoya huiva kwa jua.

Mimi nilikuwa karani wa simu ya upepo katika mgodi mdogo wa dhahabu, mwendo wa saa moja kwa mtumbwi kutoka kwake. Makoye, kijana wa Kisukuma, kaptula iliyopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni ingawa moja ilikuwa haina wino. Nilijiona mtu. Theonest akija dukani kununua chumvi nilimtania mbele za watu. "Shikamoo, Baba Generosa. Watoto wako wa mti hawajambo?" Alinijibu kwa dhati kabisa, bila kuona kama nacheka. "Marahaba. Viota ishirini na tisa. Kimoja kina mama mvivu, simwamini." Watu walikufa kwa kicheko.

Mwaka ule wa 1953 wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Bwana Miti, mzungu wa misitu, alitaka kukata miti ya Lukumbi apate nguzo za kushikilia mashimo ya migodi. Bwana Nyama alikataa. Wakabishana huko Mwanza, wakakubaliana hivi: mwisho wa Julai Bwana Nyama angekuja kuhesabu mwenyewe. Akikuta viota ishirini vyenye makinda, kisiwa kifungwe, shoka isiingie milele. Pungufu ya hapo, Bwana Miti achukue. Theonest alikuwa na viota thelathini na kimoja. Mtu mwingine angelala usingizi. Yeye alikonda.

Na mwaka huohuo Bwana Nyama alimpa darubini. Mpaka hapo Theonest alikuwa hajawahi kuwaona ndege wake kwa karibu. Sasa aliona jicho la kila mmoja, na akaona jambo lililomtoa roho. Makinda walikuwa wanaanguka. Leo mmoja, kesho wawili, keshokutwa watatu, kutoka viotani hadi chini, na hawainuki. Alikumbuka sotoka ilivyomaliza ng'ombe za babu yake. Siku mbili hakula. Siku ya tatu aliandika barua kwa penseli, akaileta kwangu mwenyewe, ameloa jasho.

Niliisoma. Iliandikwa: *Kwa Bwana Nyama, Mwanza. Ndege wameanguka kisiwani, na wengine wanazidi. Sijui sababu. Njoo upesi na dawa. Theonest.*

"Ipeleke sasa hivi, mwanangu," alisema. "Usiache neno."

Sikuacha neno. Nilifanya kubaya zaidi, nilisahihisha. Sisi Wasukuma kwetu ng'ombe "inakula", mbuzi "inapotea", na ndege, ambaye tunamwita *noni*, naye ni hivyohivyo. Nilijua Kiswahili kina mambo yake, lakini nilikuwa nimekariri shuleni kwamba "wa" ni ya watu. Nikamwona mzee huyu Mzinza anavyowapa ndege heshima ya watu, nikatabasamu. Nikafikiri, ndege zake zimemzidi kichwa mpaka sarufi. Nikakata "wameanguka", nikaandika "zimeanguka". Nikaona na barua yenyewe ni ndefu mno, nikaifupisha. Mwanza wakapokea hivi: *Ndege zimeanguka kisiwani Lukumbi. Njoo upesi na dawa. Theonest.*

Bwana Nyama hakuwapo. Alikuwa safarini huko Isaka. Aliyepokea habari alikuwa mtu wa Pangani, na kwa mtu wa Pangani ndege wenye mabawa ya manyoya "wameanguka". Zilizoanguka ni zile zenye injini. Akakimbilia polisi.

Kesho yake saa mbili asubuhi motaboti ilitia nanga kwenye gati ya mgodi. Ndani walikuwa askari na vibarua thelathini, machela sita, daktari msaidizi na inspekta mmoja mnene. Wakaniita niende nao kwa kuwa najua lugha za huku. Nilifurahi, nikachukua kofia. Tulipokwisha ondoka Inspekta akaniuliza, "Wewe ndiye uliyeileta habari kwenye simu. Zimegongana angani, au?"

"Nini, bwana?"

"Ndege. Zilikuwa mbili au tatu? Abiria wangapi?"

Nilitazama machela. Barua ya Theonest ilikuwa mfukoni mwa shati, nyuma ya zile kalamu, na nilihisi kila mtu anaiona. Nilikuwa na nusu saa nzima ya kusema. Ningesema, wangegeuza boti, basi, yangekwisha kwa matusi. Lakini niliiona kazi yangu inakwenda, nikamwona baba kule Kishapu akiambiwa kwamba Makoye amefukuzwa kwa kutojua Kiswahili. Nikajiambia labda watatazama kwa mbali tu. Nikasema, "Sikuambiwa idadi, bwana." Basi nikawa nimeingia.

Hawakutazama kwa mbali. Walishuka wote, wakajipanga mstari kama watu wa msako wa simba, wakapuliza filimbi, wakaingia chini ya miti wakiita kama kuna mtu hai. Domomwiko wakaruka. Sijapata kuona weupe mwingi namna ile angani, na kimya chake kilinitisha, kwa maana ndege hao hawana sauti ya kulia. Walizunguka mara mbili juu yetu, wakaenda zao upande wa maji makuu. Hata vumbi halijatulia nikaona mwewe wa kwanza.

Theonest alikuja kwa mtumbwi akipiga kasia kama mwendawazimu. Aliruka majini kabla hajafika, akaja mbio, shati mkononi. "Tokeni. Tokeni tafadhali. Bwana, wakubwa wangu, tokeni."

Inspekta akamkamata mkono. "Wewe ndiye Theonest? Ndege ziko wapi?"

Theonest alionyesha juu kwa kidole. "Wale pale wanaondoka."

Alisema ukweli mtupu, na alikula kofi kwa ajili yake. Inspekta alidhani anadhihakiwa, kisha akadhani mabaya zaidi, kwamba mzee ameficha mabaki ili aibe vyuma. Akamfunga pingu kwenye mti, msako ukaendelea. Theonest hakushughulika na pingu. Alikuwa anatazama juu. Kila mwewe aliposhuka kwenye kiota na kuinuka na kitu, yeye alitaja namba. "Cha saba. Cha kumi na mbili. Kile cha yule mama mvivu." Niliketi hatua tano kutoka kwake, namba zote nikizisikia.

Jua lilipofika utosini Inspekta alirudi amechoka, akamtolea karatasi ya simu. "Si maneno yako haya?"

Theonest alisoma. Alisoma taratibu, akafika kwenye neno lile, akasimama. Kisha akanitazama. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme, haki ya Mungu, ingekuwa nafuu kwangu. Akamwambia Inspekta, "Bwana, nifunge, nipeleke unakotaka. Ila watoe watu hawa kwanza. Kuna wengine bado wazima huko juu."

Ndipo nilipoitoa barua mfukoni. Nilisema yote, "wa" na "zi", mbele ya vibarua, na mmoja wao alicheka. Inspekta aliisoma mara mbili. Rangi aliyokuwa nayo usoni sitaisahau. Dakika kumi baadaye kisiwa kilikuwa kitupu. Lakini tulikuwa tumekaa pale saa tatu na zaidi, na zote zilikuwa kosa langu.

Mgodini walinifukuza jioni ileile. Sikuwa na uso wa kurudi kwetu. Nilikwenda kwa Theonest nikiwa na kisanduku changu, nikasimama uani nikitarajia fimbo. Apolonia alitoka na mwiko mkononi, akanitazama juu hadi chini.

"Shikamoo, Mama Generosa."

"Marahaba. Kula, kisha ukakae naye huko ufukweni," alisema. "Na mimi hasemi. Labda na wewe atasema, maana ninyi wawili angalau mnalo la kuzungumza."

Hakusema. Tulikaa naye siku tisa, tukipokezana darubini. Siku ya pili walirudi domomwiko wawili, wakatua mbali, wakaondoka. Siku ya nne walirudi wanane. Kila weupe ulipotokea juu ya maji nilisimama, na mara nyingi walikuwa yangeyange tu, wanapita. Theonest alipata kikohozi cha ghafla kila mwewe alipopita karibu. Viota vilivyopata mama tena vilikuwa vinne. Nilivihesabu mara mia, nikitaka viwe ishirini, na kila mara vilikuwa vinne.

Bwana Nyama alifika tarehe thelathini na moja Julai. Alikuwa na sura ya mtu aliyepata habari zote njiani. Alikwenda na Theonest kwa mtumbwi, nami nikipiga kasia, na alihesabu kwa mbali bila haraka. Kisha akashusha darubini.

"Nne," alisema. "Pole sana, Theonest. Mimi hapana weza kusaidia sasa. Mapatano ni mapatano."

Theonest aliitikia kwa kichwa. Nilijua ameshalia lake kabla ya siku ile. Maji yaligonga mtumbwi. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Bwana, nataka kujua tu. Wale walioanguka kabla ya haya yote. Ni ugonjwa gani?"

Bwana Nyama alishangaa. "Gonjwa? Hapana gonjwa. Mama nazaa tatu, chakula natosha mbili. Ile ndogo nakosa, nasukumwa, naanguka. Kila mwaka iko hivyo. Wewe zamani hapana ona, kwa sababu hapana darubini."

Kumbe barua yenyewe haikuwa na haja. Kumbe wangeachwa vilevile, wakaanguka wale wa kuanguka, wakaruka wa kuruka, na leo tungekuwa na viota thelathini na kimoja, na kisiwa pia. Hapohapo akili yangu ikaanza kazi chafu, ikagawanya kosa. Nusu langu, nusu lake. Labda lake kubwa zaidi, maana ndiye aliyeanza. Nakiri kwamba niliona nafuu.

Nikageuka nimtazame. Theonest alikuwa amefunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yanacheza. Nikadhani analia kwa ujinga wake. Alipotoa mikono machozi yalikuwepo kweli, lakini alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile ya simu.

"Umesikia, Makoye?" aliniambia. "Hawakuwa wanaumwa. Kumbe walikuwa wazima siku zote."

Shoka za Bwana Miti ziliingia Lukumbi mwezi wa tisa, baada ya makinda wa vile viota vinne kuruka. Walikuwa saba. Theonest aliwahesabu wakiondoka, akaandika daftarini, akatia na tarehe.