Shemeji Aliyenipiga Risasi Ndiye Anayenipeleka Kliniki ya Macho

Admin, nitunzie jina langu, na majina ya humu nimeyabadilisha. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, Mtanzania, nina mke na watoto wawili. Nilikuja Minnesota kusoma nikabaki. Naishi Apple Valley, nafanya kazi maabara ya hospitali, kutwa nzima jicho liko kwenye darubini. Nawaandikia kwa sababu nimeshindwa kutulia. Nakaa, nasimama, nazunguka jikoni, mke wangu ananiuliza natafuta nini.

Mke wangu ana mdogo wake wa kiume, nimwite Benja. Mama yao alifariki Benja akiwa mdogo, mke wangu ndiye aliyemlea, na sisi ndio tuliomleta Marekani. Anaishi Richfield, anasubiri uraia wake. Ndiye aliyenifundisha kuwinda bata mzinga, yeye alijifunza kwa wenzake kazini. Wikiendi zetu za masika zote tulikuwa pamoja.

Tunakowinda ni msitu wa serikali, yeyote mwenye leseni anaingia. Siku hiyo tulifika kabla ya jua kuchomoza, tukakuta maegesho yamejaa. Mzee mmoja wa Kizungu alikuwa anashusha vitu kwenye pikapu yake, akatuambia kwa hasira, "Mtakaa wapi? Kule juu watu wameshajaa."

Benja akamjibu, "Msitu si wako, mzee."

Wakatupiana maneno mawili matatu, yakaisha.

Tukakubaliana mimi nikae chini ya mti fulani, Benja ashuke upande wa kijito, na asihame mtu bila kupiga simu. Kulipopambazuka, vijana wawili wakaja wakaketi hatua chache tu kutoka kwangu na kuanza kuita ndege. Nikaudhika. Nilikuwa nasikia dume likilia upande wa kijito, nikalifuata kwa kunyata, nikajibanza kichakani nikaanza kukwaruza kile kijiboksi cha mbao kinachotoa sauti ya jike. Simu sikupiga. Hilo ni kosa langu, nalikubali, maana tunavaa nguo za rangi ya majani mwili mzima, mtu hakuoni.

Nikasikia mlipuko, uso wote ukawa moto. Punje za risasi ziliniingia begani, shingoni, na moja jicho la kushoto. Nikaanguka. Ndugu zangu, nikiwa pale chini nikasikia sauti kwenye vichaka, si mbali: "Yesu wangu, shemeji!" Kwa Kiswahili hicho hicho tunachoongea nyumbani. Halafu nikasikia miguu inakimbia. Haikuja kwangu. Ilikwenda zake.

Aliyenifikia wa kwanza ni yule mzee wa pikapu. Alivua shati akanikandamiza nalo shingoni, akapiga simu ya dharura, akawa ananirudia, "Usilale. Nitazame mimi." Benja alitokea baadaye kutoka upande wa maegesho, anahema, kama vile ndiyo kwanza amesikia. Askari wa wanyamapori alipofika, Benja akamnyooshea mzee kidole. "Ni huyu. Asubuhi alitugombeza." Mzee alikuwa amefyatua risasi moja alfajiri akakosa ndege, kwa hiyo bunduki yake ikachukuliwa. Benja alisema yake aliifyatua akiwa ng'ambo ya kijito, mbali na nilipoangukia.

Nilipohojiwa hospitalini nilisema sikuona mtu. Kweli sikuona. Nilichosikia nilikinyamazia, nikijiambia Benja akitulia ataongea mwenyewe.

Sasa ni wiki ya sita. Jicho lina ukungu, na daktari hajaniambia kama nitarudi kwenye darubini. Kila Jumanne Benja anakuja kunipeleka kliniki, ananifungulia mlango wa gari, ananifunga mkanda kama mtoto. Siku moja nikamwuliza, "Benja, asubuhi ile ulikuwa upande gani hasa?"

Akakaza mikono kwenye usukani. "Ng'ambo ya kijito, shem. Si nilishakwambia?" Akawasha redio.

Risasi nilimsamehe siku ile ile. Ile miguu ikikimbia ndiyo inanishinda. Mara mbili nimeendesha kwa jicho moja hadi Richfield, nikakaa ndani ya gari nje ya nyumba yake, nikageuza bila kushuka.

Jumapili iliyopita tulikuwa na ibada ya nyumbani. Benja akasimama kushuhudia, akamshukuru Mungu kwa kumwokoa shemeji yake na mkono wa mtu mwenye chuki na watu weusi. Wote wakasema amina. Mke wangu analia, anamkumbatia mdogo wake. Mimi nikatoka nje nikajifanya napokea simu.

Juzi askari akaniletea kadi kutoka kwa yule mzee. Ameandika kwamba ameirudia asubuhi ile kichwani kila siku. Haamini kwamba ni yeye, lakini umri umekwenda na hajiamini tena, kwa hiyo kama ni yeye, ananiomba nimsamehe. Bunduki zake zote ameshazigawa. Mtu aliyenivulia shati lake!

Nikisema ukweli, naogopa uraia wa Benja utaota mbawa, na mke wangu sijui atanitazamaje, kwake yule ni kama mtoto wa kumzaa. Lakini ile kadi imo mfukoni mwangu na siwezi kuitoa nikaisoma mara ya pili.

Alhamisi askari anakuja nyumbani kuchukua maelezo yangu ya mwisho. Mke wangu hajui lolote, amesema atapika chai na maandazi. Benja naye atakuwepo, eti anisaidie kueleza. Nitakaa nao meza moja, wote watatu wananitazama mdomoni.

Nyie mngekuwa kwenye kiti changu, mngesema nini? Nishaurini kabla ya Alhamisi, na tafadhali msinitukane.