Gitaa la Baba Lilivyosikika Jumapili ya Mavuno

Nasema bila kujisifu: Githongo nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kuifanya kazi ile. Nilikwenda Doha na begi moja la mgongoni, nikarudi na sanduku la vifaa ambalo lilibebwa na watu wawili, tena wakilalamika. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Diploma yangu ya elektroniki niliisoma baada ya zamu, macho mekundu, na leo inaning'inia kwenye karakana yangu pale Nchiru. Mwanafunzi anayeleta spika iliyoungua huiona hiyo kwanza kabla hajaniona mimi.

Basi baba alipopata shida, shida hiyo ilikuwa imefika kwa mtu wake.

Baba amepiga gitaa kanisani tangu kabla sijazaliwa. Zamani lilitosha, kwaya ikiwa na ngoma moja na kayamba. Siku hizi kuna kinanda cha umeme, kuna ngoma za miguu na mikono, kuna spika ndefu kuliko mchungaji. Baba alikuwa akipiga mpaka jasho linamtoka, na hakuna aliyesikia hata uzi mmoja. Mwalimu wa kwaya akamwambia nikiwepo:

“Mzee, hiyo gitaa yako siku hizi ni ya kuangaliwa tu. Tufike Jumapili ya mavuno. Isiposikika siku hiyo, utapumzika, ukae na wazee wenzako.”

 Baba alilifuta gitaa kwa kofia yake, akalirudisha kwenye gunia la kahawa analolitunzia. Mimi ndiye niliyejibu.

“Siku ya mavuno itasikika mpaka mjini Maua.”

Jumamosi nikaja nyumbani na pikapu. Mama alitazama barabarani kutafuta gari, nikamwonyesha kiganjani: ukanda mwembamba kama kamba ya kiatu, unaolala chini ya kile kijiti cha mfupa kinachobeba nyuzi. Nyuzi zikitetemeka, ukanda unahisi, na waya unapeleka habari kwenye spika.

Niliweka gitaa mezani juu ya blanketi, nikalegeza nyuzi, nikatoa drili. Baba akasimama.

“Unataka kutoboa gitaa yangu?”

“Hapa nyuma tu, baba. Mahali pa kuchomeka waya.”

“Hapo ni tumbo.”

“Wacha kijana afanye kazi,” mama alisema kutoka jikoni. “Hata ng'ombe hutobolewa sikio na maziwa hayapungui.”

“Sikio ni sikio. Hii ni tumbo.”

Nilibandika utepe ili rangi isibanduke, nikatoboa polepole, nikapuliza vumbi ili aone: shimo safi, la mviringo, lisilo na ufa. Baba akakaa. Kijiti cha mfupa nikakisugua chini kwa msasa ili ukanda ukiingia nyuzi zisipande juu. Tatizo lilikuwa moja, kupitisha soketi ya kuchomekea waya kutoka ndani ya gitaa hadi kwenye lile shimo la nyuma. Mkono wangu, ambao wali wa Doha uliutendea mema, haukuingia. Nikatumia waya wa seng'enge kuvua kile kifaa kama samaki. Mtu asiye na diploma angelia.

Nilipojaribu, uzi mwembamba kabisa ulikuwa kimya. Nikafungua tena, nikakuta gundi ya zamani imeganda kwenye mfereji kinamokaa kile kijiti, nikaikwangua, nikarudisha. Nyuzi zote sita zikaimba sawa. Nikaanza kumweleza baba kwa nini, na maelezo yangu huwa kamili.

Baba akagonga meza kwa vidole. Tuk tuk, tuk.

Mama akaja na chupa ya chai.

Hiyo ndiyo desturi ya nyumba yetu. Mgeni akirefusha maneno, baba hasemi kitu. Anagonga meza, mama analeta chai, tunaomba, mgeni anakunywa na kwenda. Sikujua kwamba mimi pia ni mgeni. Nilikunywa.

Nikamwonyesha kitufe kidogo nilichokibandika ukingoni mwa tundu la gitaa. “Kama hupigi, zungusha hiki. La sivyo kila kitu kitasikika.” Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Jumapili kanisa lilijaa ndizi, nduma, mazao ya kila aina na jogoo mmoja mwenye hasira. Niliunganisha waya mwenyewe, nikapandisha sauti ya gitaa kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, nikasimama mlangoni. Kwaya ilikuwa iimbe baada ya mahubiri. Baba alikaa mbele, gitaa mapajani, waya umechomekwa. Mchungaji akaanza na Nuhu.

Alipotoka kwa Nuhu akaingia kwa Ibrahimu. Jogoo alinyamaza. Mimi nilikuwa nikimweleza mwalimu mmoja wa shule tofauti ya pikapu hii na zile za bei rahisi, ndipo spika zote mbili zikasema:

TUK TUK. TUK.

Mama aliinuka. Simlaumu, mwili wake umezoea. Alijifunga leso, akaelekea jiko la kanisa, na akina mama wote wa chai, walipoona kiongozi wao ameinuka, wakainuka pia. Milango ikafunguka, vikombe vikaanza kulia. Watoto wakafuata harufu ya mandazi.

Mchungaji alibaki na kidole hewani. “Nani amesema tumemaliza?”

Kila mtu alimtazama baba. Baba alitazama vidole vyake, bado viko juu ya ubao wa gitaa.

Kisha mchungaji akacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akashika mimbari. “Sawa, mzee. Tumekusikia. Tuombe.”

Mwalimu wa kwaya akamwinamia baba. “Mzee, imesikika.”

“Na bado sijapiga,” baba akasema.

Akapiga. Akina mama walirudi mlangoni na chupa mikononi wakasikiliza wakiwa wamesimama. Kinanda kilikuwepo, ngoma zilikuwepo, lakini uzi ule mwembamba nilioukwangulia gundi ulipita juu ya vyote, ukatoka nje mpaka kwenye mashamba ya kahawa.

Hakuna aliyetaja tena habari ya kupumzika. Mwalimu wa kwaya ameniuliza mara kadhaa kama kile kitufe kinaweza kuhamishiwa kwake, awe anakizungusha yeye. Nimemwambia hilo linahitaji diploma. Mchungaji naye hajalalamika, ila siku hizi akifika kwa Nuhu, hutupa jicho kwanza kwenye vidole vya baba.