Sahani ya Mama na Amiri wa Kichina

Mpaka leo nikiikumbuka ile kadi nyeupe, damu hunichemka. Waliisimamisha mbele ya sahani ya mama yangu, katika ukumbi mmoja wa maonyesho karibu na Lawrence Heights, hapa Toronto, imeandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba sahani hiyo ni zawadi ya amiri wa jeshi la majini la Uchina kwa watu wa Pate, miaka mia sita iliyopita.

Zawadi! Amiri huyo alifika kweli pwani yetu na merikebu zake, hilo sibishi. Lakini sahani ile aliinunua babu yake mama, mchukuzi wa mizigo bandarini Mombasa, katika duka la Mhindi, akarudi nayo Pate ameifunga ndani ya kikoi. Mama aliirithi, akaja nayo Toronto katikati ya nguo zake. Ndiyo anayoandikia kombe. Mjukuu akiumwa, huandika aya kwa zafarani, akaziosha kwa maji ya waridi, mtoto akanywa. Wajukuu hao ukiwasemesha Kiswahili hujibu Kiingereza, lakini kombe la bibi yao hulinywa bila ubishi.

Mwandalizi wa maonyesho, mwanamke mpole wa kupindukia, alikuja nyumbani kuiazima. Nilimweleza ilikonunuliwa. Akainamisha kichwa upande, akauliza, "Lakini huenda ikawa ya zamani zaidi, au siyo?" Nami kwa kutaka kumfurahisha mgeni nikasema labda. Hiyo "labda" ndiyo iliyoniponza.

Siku ya ufunguzi mama alikaa mstari wa mbele na buibui lake jipya. Mzee wa Kichina aliyegharimia maonyesho akahutubia. Alisema amiri alikuja kwa amani, hakunyakua hata shubiri moja ya ardhi ya mtu. Hajamaliza, akainuka mzee mmoja wa Sri Lanka.

"Kwetu alishuka na askari," akasema. "Akamteka mfalme wetu, akampeleka kwa mfalme wake. Amani gani hiyo?"

"Alirudishwa!"

"Kwani nani aliwaomba mumchukue?"

Ukumbi ukachafuka. Kila mmoja alipotaka kumzima mwenzake aliinyooshea kidole sahani yetu, huyu akiiita ushahidi wa urafiki, yule akiiita chambo. Sikuchukia wakigombana. Yule wa Sri Lanka alikuwa na haki ya kumlilia mfalme wake, na mimi mwenyewe sijaona askari wanaojazwa merikebuni kwenda kusalimia tu. Nilichochukia ni kwamba mwenye sahani alikaa hapo hapo chini ya pua zao, na hakuna aliyemwona.

Hatimaye mzee wa Kichina akasema, "Tumuulize mama huyu. Wazee wake ndio waliompokea." Mama akapewa kipaza sauti. Akasimama, mkono mmoja ameshika kiti, akanigeukia mimi nimtafsirie.

"Waambie sahani hii ni ya babu yangu. Aliinunua kwa ujira wake, Mombasa, duka la Mhindi. Huyo amiri mimi simjui, na ugomvi wake si wangu."

Watu wote wakanitazama. Mwandalizi alikuwa akitabasamu na kuniitikia kwa kichwa, kama anayemlisha mtoto uji. Nami, mtu mzima na meno yangu, nikasema kwa Kiingereza, "Mama anashukuru. Anasema wazee wetu walimpokea kila mgeni kwa wema."

Makofi yakalia. Hata yule wa Sri Lanka alipiga.

Mama alisafisha ofisi za Downsview miaka ishirini. Kiingereza hakisemi, lakini anakisikia. Tulikuwa garini, tumeshaingia barabara ya Bathurst, aliponigeukia.

"Babu yangu alibeba magunia mpaka mgongo ukapinda," akasema. "Kitu kizuri alichonunua maishani mwake ni hicho kimoja. Leo umemnyang'anya, ukampa mwenye merikebu."

Jumatatu nilirudi ukumbini kutaka kadi ibadilishwe. Mwandalizi akaniambia, kwa ule upole wake unaokera, kwamba maneno yangu yalirekodiwa na wageni wanayasikiliza kwa vifaa vya masikioni, pale pale penye sahani. Nikamwambia nilisema uongo. Akauliza atajuaje kwamba uongo si huu wa leo. Nilifoka mpaka mlinzi akaja. Mwisho akakubali jambo moja: mama mwenyewe aje, aseme upya mbele ya kamera, na safari hii watatafuta mkalimani wao.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama. Nilimkuta jikoni anakatakata vitunguu. Nikamweleza yote, nikamsihi, nikamwambia nitampeleka saa yoyote atakayo.

Hakuinua macho.

"Mimi nshasema," akanijibu. "Nilisema mbele ya watu wote."