Kigae cha Moto cha Bibi Katarina

Nakumbuka siku moja ya kipupwe, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na harusi yangu ilichinjiwa ng'ombe wawili. Uliponiambia kwamba unapenda kuja hapa Tlawi kupumzika mbali na kelele za Babati, nilikuitikia tu. Sasa vuta kigoda, nikuambie.

Nami nilikuwa kama wewe. Nilikuwa msichana wa mitumba, leo mnada wa Katesh, kesho Balangdalalu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka yaliyokaa matupu tangu utoto wangu yalijaa sabuni mpaka mlangoni. Mkoa wetu ulikuwa bado Arusha; Manyara tulilijua kama jina la ziwa tu. Kila mwaka, mavuno yakiisha na baridi ikishika, nilikuja huku kwa bibi yangu mzaa mama, Katarina, nikakaa wiki mbili. Nilipenda kimya cha hapa. Ukungu juu ya ziwa letu hili, ndege kwenye matete, basi. Vijana walikuwa wamekwenda Mererani kuchimba mawe ya tanzanaiti, na nyumba nyingi zilizibwa milango kwa miba. Mimi niliona utulivu.

Bibi alibakiwa na jirani mmoja, Mzee Gwandu, aliyefiwa na mkewe, ng'ambo ya kijito. Kila asubuhi bibi alichukua kipande chake cha chungu kilichovunjika, kigae, akaenda kwake kuomba kaa la moto. Jioni nilimwona mwenyewe akimwagia moto wake maji.

"Bibi, mbona unauua moto?"

"Kuni zinaisha," akasema, na kuni zimepangwa ukutani mpaka darini.

Mgeni mwenye haraka huulizwa kama amekuja kuchukua moto. Aliyeanzisha msemo huo hakumjua bibi yangu. Yeye kuchukua moto kulimaliza nusu ya asubuhi. Walikunywa uji, wakabishana mvua ya mwaka gani ilikuwa kubwa, kisha akarudi na kaa lililokwisha kuwa jivu, akalipuliza kwa matusi. Usicheke. Mimi nilicheka, nikaona ni umaskini na kupoteza muda.

Basi mwaka uliofuata nikamletea viberiti, pakiti nzima.

"Bibi, umri wako si wa kuvuka kijito na baridi hii."

Alivigeuzageuza. "Asante, mjukuu wangu. Na Gwandu nitamwambia nini?"

"Mwambie apumzike."

Kwetu zawadi ya mjukuu haikataliwi. Ukiikataa ni kama umemlaani. Kesho yake akawasha kiberiti. Akakaa mlangoni, kigae mapajani, anatazama upande wa kijito. Mimi nimejifunika blanketi, natazama ziwa, nimejaa fahari. Siku ya pili nikasikia mbuzi wakilia kwa mbali. Nikasema moyoni, hizi ndizo sauti nilizozifuata. Siku ya tatu nikamwambia bibi, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mazito, "Mbuzi wa Mzee Gwandu wana sauti nzuri, hawachoki."

Akageuka. "Wanalia? Tangu lini?"

Hakuchukua hata kanga. Tulimkuta mzee ameanguka kando ya mafiga, paja limevunjika, midomo imekauka, jiko limekuwa jivu baridi. Alikuwa pale tangu juzi asubuhi. Nikasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba." Kisha akamtazama bibi. "Nilisubiri, Katarina. Nikasema, atakuja kuchukua moto."

"Nilikuwa na kiberiti," bibi akasema.

Hakusema kimetoka kwa nani.

Tulipata wanaume wanne wa kumbeba kwa machela hadi hospitali, na kuwapata wanne ilikuwa kazi. Alifia huko kabla ya mvua za vuli. Je, angewahishwa angepona? Sijui, mwanangu. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu likavunjika la mwingine.

Nilirudi kwa mazishi, na tulipotoka kuzika, bibi alinirudishia viberiti vilivyobaki. Hakunigombeza. Alisema, "Unapenda kimya cha hapa kwa sababu utaondoka. Sisi tunaobaki tunahitaji sababu ya kubisha hodi." Na tangu siku ile hakuuzima moto wake tena. Angemwomba nani?

Sasa nyumba hii ni yangu, na baba yako tulishamzika. Nina jiko la gesi ulilonitumia kwa basi, nina simu, nina taa ya jua. Nina upweke pia, sikufichi. Kuna siku naisikia sauti yangu mchana nikashtuka. Ndiyo maana kila asubuhi nachukua kigae kilekile, naenda kwa yule binti aliyeolewa hapo chini, naomba moto. Mwanzoni alicheka. "Bibi, si una gesi?" Namwambia imeisha. Ameshajua kwamba namdanganya. Jana nilikuta ameniwekea kigoda kabla sijafika.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukija huku, furahia ziwa, halikatazwi. Lakini kabla hujakaa kulitazama, pita nyumba hadi nyumba uamkie, uombe kitu, hata chumvi, hata kama mfuko wako umejaa. Jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali, na mimi ndugu wa mbali nilikuwa mbali hata nilipolala chumba cha pili. Ukisikia mnyama analia, uliza analilia nini. Na usimwondolee mzee shida yake kabla hujajua inampeleka kwa nani.

Mungu akupe maisha marefu, mwanangu, na ghala lililojaa. Ila kila asubuhi akupunguzie kitu kimoja humo ndani, ili uwe na pa kwenda.