Mgeni Aliyekuja Kuniona

Kwenye semina tunaitwa watu wenye ulemavu wa kuona. Kwenye fomu tunaitwa wasioona. Kwetu, migombani, naitwa kipofu na maisha yanaendelea. Macho yangu yaliondoka na surua nikiwa na miaka sita, na sikumbuki kuyalilia sana, kwa sababu nilipewa soda kila siku mwezi mzima na dada zangu hawakupewa.

Nasema haya mapema ili mtu asianze kunionea huruma katikati ya habari akaniharibia. Nafuma masweta ya shule kwa mashine, nimepanga chumba Lemara, napika, nafua, na navuka barabara mwenyewe, isipokuwa pale msamaria anaponikamata mkono na kunivusha kwenda upande niliotoka. Zamani nilikuwa nafoka. Siku hizi nasema ahsante, nasubiri aende zake, kisha navuka tena.

Mchumba nilimpata kwa sababu ya bomba. Bomba la uani pale ninapopanga lilipasuka chini kwa chini, akaja fundi, na badala ya kumuuliza mwenye nyumba linavujia wapi, akaniuliza mimi. Nikapiga magoti, nikasikiliza, nikamwonyesha. Alichimba palepale, akalikuta. Wiki iliyofuata akarudi kuhakikisha halivuji. Wiki ya tatu akarudi tena kuhakikisha, na bomba lilikuwa zima kabisa. Baadaye alinipeleka Momela kwenye yale maziwa, wenzangu kazini wakacheka hadi wakasimamisha mashine: kipofu anapelekwa kuangalia heroe! Lakini heroe, ndege wale wa miguu mirefu, wana kelele kama kamati ya harusi, na nilifurahi siku nzima.

Yeye ni mtu wa Kikwe, mtoto pekee wa mama mjane. Aliponitaja kwa mama yake, mama alijibu neno moja tu: hapana. Alipobembelezwa sana akalegeza kidogo. Atakuja kwetu siku moja aniangalie mwenyewe, kisha atatoa jibu, na jibu hilo lisijadiliwe. Mchumba wangu si mtu wa kumpinga mama yake. Aliniambia waziwazi kwamba mama akikataa tena, basi. Nilimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja, na siku ile nilivunja sindano mbili za mashine.

Nikapanda kwetu mlimani kumweleza shangazi, aliyenilea. Shangazi hakulia wala hakuomba dua. Alipanga vita.

"Chai utamimina wewe mwenyewe," alisema. "Aone kwamba unaweza. Na sitaki kidole."

Kidole ndiyo njia yangu. Unaweka ncha yake ndani kidogo ya ukingo wa kikombe, chai ikikugusa unaacha kumimina. Wote tuliosoma shule ya wasioona tunafanya hivyo, na mikono tunanawa. Nikamweleza.

"Huyo mama anywe chai uliyoogea?" aliuliza shangazi. Mjadala ukaishia hapo.

Badala ya kidole akabuni kikohozi. Akikohoa mara moja, kikombe kimejaa, niache. Mara mbili, mgeni yuko kulia kwangu. Mara tatu, nimegeukia ukuta, nigeuke haraka kabla sijatuaibisha. Tulifanya mazoezi wiki nzima, yeye akiwa amekaa kwenye kochi kama mama mkwe, akinung'unika kwamba sukari haitoshi ili nizoee. Nilifaulu kila mara. Nilianza hata kujisikia.

Ilikuwa Julai, na kule kwetu Julai baridi haina adabu. Asubuhi ya siku yenyewe shangazi aliamka na mafua.

Wageni walifika mchana, mtu na mama yake. Niliwasikia wakishuka kwenye gari la kukodi, kisha nikamsikia mama akisema pale kwenye ngazi za baraza, "Tangulia wewe." Kijana akatangulia. Nyuma yake viatu vya mama viligusa ngazi ya kwanza, vikarudi, vikagusa tena, ndipo vikapanda. Nilikisikia hicho kitu na sikukitilia maanani, maana nilikuwa narudia vikohozi kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Sauti nzito, isiyo na haraka. Mkono wake ulichelewa kidogo kuufikia wangu.

Shangazi akamketisha na kumpa albamu. Kwetu mgeni akishakaa hupewa albamu ya picha apitishe muda wakati mambo yanaandaliwa: harusi, vipaimara, watoto waliokwenda mahafali, wote wamebanwa humo. Mgeni akaipokea, akaiweka mapajani, akasifu jalada lake. Mimi nikashika chupa ya chai.

Nilikuwa sijamimina hata mafunda mawili shangazi akakohoa. Nikaacha. Akakohoa tena, kwa hiyo mgeni yuko kulia, nikageuka kulia. Akakohoa mara ya tatu, nikageuka tena. Baada ya hapo alikohoa mfululizo, maskini, mafua yamemkaba, na mimi kwa utii wa wiki nzima ya mazoezi nikazunguka kila alipokohoa. Niliposimama nilikuwa nimempa mgeni mgongo, nimeshika kikombe chenye chai ya kuonja, nalikaribisha kabati la vyombo.

"Karibu mama," nililiambia kabati.

Mchumba wangu alitoa mlio kama mtu aliyepaliwa. Nikaona haya hadi masikio yakawaka. Basi nikaamua liwalo na liwe, nikageuka, nikatia kidole, nikakijaza kikombe inavyotakiwa, nikasogea hadi nilipoisikia pumzi ya mgeni, nikamnyooshea.

Kikombe hakikupokewa.

Nikangoja. Nilidhani ananidharau, au amekiona kile kidole. Kisha nikasikia kitambaa cha mkono wa gauni kikipita hewani, chini kidogo ya kikombe, kikarudi, kikapita juu yake. Mtu anayeona hatafuti kikombe kilicho mbele ya pua yake. Nikazikumbuka zile ngazi, na ule mkono uliochelewa. Mama huyu alikuwa haoni. Pengine aliona mwanga, pengine vivuli, lakini kikombe hakukiona, na katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua.

Nikafanya vile ninavyopenda kufanyiwa mimi. Nikakiweka mezani, nikakigongesha kidogo kwenye kisahani kipate kulia, nikasema, "Chai ipo mbele ya goti lako la kulia, mama, mkono wa kikombe umekuelekea." Mkono wake ukaja moja kwa moja. Akanywa.

Shangazi akaenda jikoni kuleta ndizi na nyama, akamchukua mchumba wangu amsaidie sufuria. Tukabaki wawili. Mgeni alifungua kurasa za albamu polepole, moja baada ya nyingine, kwa muda uleule kila ukurasa, kama mtu aliyehesabu mtu mwenye macho hutumia muda gani. Nilitaka kumwambia aache, hakuna anayemtazama. Wenzetu wakarudi. Na yeye, kwa kutaka kuwa mgeni mwema, akaweka kiganja juu ya ukurasa uliokuwa wazi na kusema kwa sauti ya furaha:

"Harusi hii ilipendeza jamani. Bibi harusi kang'aa!"

Sahani zikasimama.

"Hayo ni mazishi ya baba yangu," alisema shangazi.

Shangazi hana mchezo na baba yake. Nilimsikia akivuta hewa kwa pua, na nikajua sentensi inayofuata itamteremsha mgeni hadi Kikwe kwa miguu. Na nikiri kwamba nilisita. Ningenyamaza, mama aliyekuja kunikataa angeumbuka mbele ya mwanawe, na mimi ningekaa pembeni na adabu zangu. Wazo hilo lilikuwa tamu, nalo lilidumu kidogo.

"Ananijibu mimi, shangazi," nikasema. "Nilikuwa namsimulia harusi ya dada. Kumbe kwenye albamu mmefika msibani? Mimi ningejuaje?"

"Eh, namjibu huyu," akadakia mgeni, upesi mno. "Ananisimulia vizuri kweli."

Shangazi akashusha pumzi. Upofu wangu umewahi kutumika kwa mambo mengi, lakini kumfichia mtu upofu wake ilikuwa mara ya kwanza. Tukala. Mgeni akala kidogo sana. Baadaye akaomba nimsindikize chooni, na shangazi aliponyanyuka ampeleke yeye, akasema hapana, atapelekwa na binti.

Choo cha kwetu kipo nyuma, unapita katikati ya migomba. Hatukufika. Kwenye kona ya banda la ng'ombe alisimama.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kikombe, mama."

"Mwanangu hajui."

"Nimeona kwamba hajui."

Ng'ombe alikuwa anatafuna majani taratibu. Kisha akayatoa yote kwa mkupuo, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Mwaka wa pili sasa. Ilianza kama ukungu, sasa ni shuka kabisa. Shambani anakwenda kwa mazoea. Kanisani anaimba kwa kumbukumbu huku kitabu kakishika. Alikuwa amejipangia kwamba mwanawe ataoa msichana mwenye macho mazuri, msichana huyo atajua taratibu, na wataelewana wawili bila kumsumbua kijana. "Halafu ananiambia ni wewe," akasema. "Nikajiuliza, sasa nyumba nzima nani atamwonyesha mwenzake mlango?"

Nilikasirika. Miezi yote ile nilidhani nimekosa kitu, kumbe nilikuwa nimeshindwa mtihani ambao sikuambiwa ni wa somo gani.

"Mama," nikasema, "ulikuwa unatafuta mke wa mwanao au miwani?"

Niliogopa mara tu nilipolisema. Yeye akaguna, kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichokaa muda mrefu bila kutumika. Akacheka hadi ikabidi ashike boriti ya banda.

"Miwani," akasema. "Haki ya Mungu, miwani."

Nikamuuliza kama kuna mtu amewahi kumwangalia macho. Akasema jirani alimwambia kuna weupe katikati. Nikamwambia huo huenda ni mtoto wa jicho, na kwamba mtoto wa jicho hutolewa. Nimekaa na watu waliotolewa, wanarudi nyumbani wakilalamika kwamba nyumba zao ni chafu. Lakini mimi si daktari. Alishawahi kwenda hospitali?

"Nikienda si wataniambia?" akasema.

Nililielewa jibu hilo kuliko nilivyotaka. Na niliona wivu, sitaficha. Macho yake pengine yalikuwa na dawa na alikuwa anaikimbia. Yangu hayana, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama ningependa kukimbia. Nikamkuna ng'ombe shingoni hadi wivu ukapungua. Haukuisha, ila ulipungua vya kutosha kunifanya nizungumze kwa heshima.

"Turudi, mama. Watadhani tumetumbukia."

Akanikamata mkono kwenye kifundo, kwa nguvu, kama anavyokamatwa mwizi wa kuku. Nikautoa taratibu, nikaviweka vidole vyake juu kidogo ya kiwiko changu. "Hapa. Kaa nusu hatua nyuma yangu. Mwili wangu ukishuka, na wewe shuka. Usinisukume."

"Nani kakufundisha?"

"Shuleni. Na wewe utajifunza kabla ya kufika kwenye tangi la maji."

Tukaenda. Mwanzoni alijikaza kama gogo, kisha akalegea, na tulipopita tangi alikuwa anatembea tu. Nilijua njia ile kwa nyayo zangu: majani makavu ya mgomba, kokoto, kisha saruji ya baraza. Kule ndani mchumba wangu na shangazi walikuwa wameacha kuongea. Walikuwa wametoka mlangoni, wakitungoja.

Hapo nilipunguza mwendo ili apate nafasi ya kuniachia. Angeniachia, angenyoosha gauni, angepanda ngazi zake kwa kupapasa kama alivyokuja, na siri ingebaki yetu. Na jibu lake lingeweza kuwa lolote, sikuwa na haki ya kumlazimisha. Nilihesabu hatua tatu, mbili, moja.

Hakuniachia. Vidole vyake vilibana zaidi.

"Mama?" aliuliza mchumba wangu. "Mbona mmeshikana hivyo?"

"Mwanangu, mimi sioni," alisema. "Kesho unipeleke hospitali. Na huyu twende naye."