Mabuti ya Kituo cha Kumi

Nimeishi kwa brashi tangu ujana wangu, na sijawahi kuchora uso ambao sijauona. Parokia yetu iliponipa kazi ya kuchora Njia ya Msalaba, vita ilikuwa imeshaingia Bukavu, lakini sikwenda kutafuta nyuso vitabuni. Bikira Maria nilimpata kwa jirani yangu muuza ndizi, na Simoni wa Kirene alikuwa fundi cherehani wa mtaani. Nilimaliza vituo vyote kumi na vinne, kwenye mbao za triplex, kabla ya Kwaresima kuanza, nikajiona fundi hasa. Sina unyenyekevu katika mambo ya rangi, na sitauanza uzeeni.

Watu walisali mbele ya picha zile Ijumaa tatu. Padri alizibariki. Akina mama walilia kwenye kituo cha kumi, pale askari wanapomvua Yesu nguo. Ijumaa ya tatu, baada ya sala, sista mmoja mzee aliyetoka Nyangezi kututembelea alinivuta shati.

"Papa, basoda ba Roma balikuwa banavaa mabote ya mupira?"

Nikatazama. Askari wanne, kanzu fupi nyekundu, kofia za chuma, mikuki. Na miguuni, mabuti meusi ya mpira yanayokaribia goti, yenye matope ya kwetu. Yalikuwa mabuti ya wanajeshi walioushika mji wetu, tena yalichorwa vizuri kuliko kitu kingine chochote kwenye picha ile, hata mikunjo ya kifundoni.

Sikuwa nimekusudia. Lakini kwenye barrière zao, vizuizi vya barabarani, kila mtu alijua kuteremsha macho wakati karatasi zake zikikaguliwa. Asubuhi na jioni nilitazama chini. Nyuso zao sikuzijua, ila mabuti yao ningeweza kuyachora nimefumba macho. Mkono ulichora ulichokijua. Na waliosali pale walikuwa wametazama chini miezi yote ile kama mimi, kwa hiyo waliona askari wa kawaida tu.

Nilimwonyesha padri, na alipoelewa alikaa kwenye benchi.

"Commandant wa bale basoda alisema atakuya vendredi, kusali na sisi," akasema. "Akiona ile, atasema tunabafananisha na bale baliua Yesu. Batakubeba, na miye pamoja."

Hakuwa akitania. Mwalimu mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amechukuliwa kwa neno dogo tu, na hatukujua alipo.

"Tutoshe ile triplex, tuifiche, mon père."

"Kila mukristo anajua kuhesabu mupaka kumi na ine. Ukitosha moja, bataulizia iko wapi."

Ilibaki kufunika. Rangi ya kahawia ilikuwa imeniishia na barabara zilikuwa zimefungwa. Nikachekecha udongo mwekundu wa Bagira kwa kitambaa, nikauchanganya na mafuta ya kitani yaliyosalia chupani, na kwa kuwa hayakutosha nikaongeza mawese. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua kwamba mawese hayakauki. Nami nilijua. Nilimwomba Mungu ayakaushe yeye, huku mvua ikinyesha juma zima. Miguu ya Warumi ikapata ngozi na makubadhi, na kwa mbali ilipendeza.

Ijumaa hiyo commandant alikuja na walinzi wawili, akawaacha mlangoni. Alisali nasi kituo kwa kituo, rozari mkononi, akijibu kwa sauti. Nilisimama nyuma yake jasho likinitoka. Kituo cha kumi tulipita salama, nikaanza kupumua. Watu walipotoka, alirudi pale peke yake, akaniita kwa mkono.

Aliinama, akaweka kidole gumba juu ya mguu wa askari mmoja, akavuta taratibu. Udongo ukatoka wote, na mpira mweusi ukaonekana. Akatazama kidole. Akaitazama picha, sijui kwa muda gani. Mimi nilikuwa nikitazama chini, kama nilivyozoea, na mabuti yake yalikuwa pale mbele yangu.

"Muzee, ni wewe umechora?"

"Ni miye, commandant."

Akatoa leso mfukoni, akajifuta mpaka kidole kikawa safi.

"Rangi yako ni mbichi," akasema kwa sauti ya chini. "Tafuta inayokauka. Mukubwa wangu atakuja Pasaka. Yeye hasali, anaangalia tu."

Nikainua macho. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, na alitazama mlangoni kuhakikisha walinzi wake hawakusikia. Kisha akapiga ishara ya msalaba, akaenda zake. Nilikaa sakafuni palepale, nikacheka na kulia kwa pamoja. Padri alinikuta hivyo, na nilipomweleza naye akakaa chini na joho lake jeupe. Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi kuwa hai namna ile.

Jumatatu mlinzi mmoja wa commandant alileta kopo la rangi ya kahawia, ile ya kupaka milango, akaondoka. Kwenye mfuniko palikuwa na alama ya duka lililovunjwa na kuporwa na wanajeshi haohao mjini mwaka uliotangulia, na mwenye duka nilimfahamu. Nilifungua kopo, nikafunika mabuti yote manane.