Niliitwa jina la nyumbani kwenye ukungu wa Empakaai, nikagoma kuitika

Wakuu, heshima zenu. Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe, sijasimuliwa. Anayetaka kubisha abishe, ila kwanza asome mpaka chini.

Mimi ni mpishi wa safari za kutembea kwa miguu, huku Ngorongoro juu. Kwetu ni Endamarariek, Karatu. Kazini wananiita Chef. Kwenye kitambulisho ni Emanuel.

Jina la nyumbani ni Tluway, yaani mvua kwa Kiiraqw, kwa sababu nilizaliwa inanyesha. Aliyekuwa akiniita hivyo ni mama peke yake. Mama akafariki, jina likaenda naye. Inauma kuliko watu wanavyodhani.

Sasa siku hiyo tulikuwa tunaelekea kreta ya Empakaai. Wageni walishatangulia na guide na askari mwenye bunduki. Nyuma tulibaki mimi na Lemburis, Mmasai mwenye punda wa mizigo. Jamaa si mwongeaji kabisa. Tunaweza kutembea kutwa nzima hatujasemeshana.

Tumbo likanibana. Nikamwambia atangulie na punda, mimi naingia pembeni kuchimba dawa. (Mnacheka, kana kwamba nyie hamna matumbo.)

Kufumba na kufumbua, ukungu ukashuka. Natoka kichakani, njia siioni. Nikatembea nikidhani narudi, kumbe ndo napotea zaidi. Network hakuna.

Nikakanyaga kinyesi cha nyati, bado cha moto. Mbele yangu kitu kikatoa pumzi nzito ya puani. Nikaganda nyuma ya mti.

Nisiwe mnafiki, nyati hakunitisha kama wazo lililonijia pale: nikifia hapa, nani ataniulizia? Watatafuta Chef mwingine, safari iendelee.

Ndipo nikaitwa.

"Tluway!"

Ilitoka mbali, ndani ya ukungu. Kazini hakuna anayelijua jina hilo.

Marehemu bibi alikuwa akitukanya: ukiitwa kwenye ukungu, usiitike mpaka umwone anayekuita. Fisi huazima sauti ya mtu wako aliyekufa. Ukiitika tu, umekwisha.

Nikafunga mdomo. Machozi yakanitoka, maana nilitamani awe mama kweli.

Ikaita tena, nikanyamaza. Sasa ikawa inasogea mbali, na jioni inaingia. Ikiondoka, nabaki na nyati na baridi ya huku juu. Nikiitika na ni fisi, ndo basi tena.

Mara upepo ukageuka, nikaisikia vizuri:

"Kuluwaai!"

Wakuu, nilicheka peke yangu. Ile "tl" yetu inawashinda karibu wote wasio Wairaqw. Fisi aliyeazima sauti ya mama angelitamka sawasawa. Wa kulivunjavunja jina langu namna ile ni binadamu tu.

Nikaitika kwa nguvu zangu zote, hata nyati nikamsahau. Akatokea Lemburis na fimbo yake, shuka imelowa chapachapa.

Akanishika mkono kama mtoto mpaka njiani. Ndo akaniambia, "Nimeita Chef, Chef, kimya. Nikasema labda hilo si jina lako."

Nikamuuliza hilo lingine kalitoa wapi.

"Unajiita mwenyewe," akasema. "Ukiosha sufuria."

Sikuwa najua kama huwa najisemesha. Wala sikujua kuna mtu anasikiliza.

Funzo: ukienda kuchimba dawa mlimani, mwenzako akusubiri. Na jina lako la nyumbani, hakikisha kuna mtu mmoja analijua huko unakotafutia riziki.

Watu wa Karatu na Mbulu, hii ya fisi kuazima sauti kwenu mmeisikia? Na wewe mwingine uliye mbali na kwenu, nani anakuita jina lako? Semeni, nasoma zote.

Lemburis mpaka leo bado analikosea. Simsahihishi, nisije siku nyingine nikashindwa kumjua.